Taulo za kike za bure kwenye vyoo vya umma: maswali yanayoulizwa kila mara

Maswali haya yametoka kwenye foleni za vyoo, kwenye vikao vya vikoba, kwenye magrupu ya WhatsApp, na mengine kwa wajomba na mashemeji wanaouliza huku wanaangalia pembeni. Mengi yanahusu vyoo vya stendi na masoko ya Tanzania, maana huko ndiko ninakokujua. Kenya, Rwanda na nchi za mbali zimeingia pale zilipo na la kutufundisha. Mwenye haraka asome la 5 na la 11, ndiyo yanayobishaniwa zaidi.

## Mambo ya mwanzo

1. Mnaposema "taulo za bure chooni" mnataka nini hasa?

Tunataka mwanamke akiingia choo cha stendi, soko, hospitali au ofisi ya serikali, damu imemkuta na hana kitu, apate pedi moja bila kuongeza hela juu ya aliyolipa mlangoni. Moja. Ya pili kama safari yake ni ndefu. Pakiti ya mwezi mzima ya kwenda nayo nyumbani ni habari nyingine, ina mpango wake (tazama swali la 8).

Kipimo chetu ni tishu. Choo cha kulipia unatoa shilingi 300, mama wa choo anavuta roli, anazungusha tishu vidoleni mara tatu, anakata, anakupa. Hakuna anayekuuliza kwa nini hukutoka nayo nyumbani. Pedi tunataka ikae kwenye meza hiyo hiyo na itoke kwa mkono huo huo.

2. Pedi, taulo ya kike, sodo: ni vitu tofauti?

Kitu kimoja. Tanzania kwenye hotuba na maandishi ya serikali ni taulo za kike, mtaani ni pedi. Kenya ni sodo, na neno hilo halikubuniwa juzi: Pwani lilitumika tangu zamani kwa kitambaa cha hedhi, kabla za dukani hazijafika. Hapa nayachanganya yote.

3. Kwani mwanamke hajui tarehe zake? Si abebe ya kwake?

Wengi wanabeba, na hesabu ya swali la 5 inategemea hilo. Tatizo ni kwamba mwili hausomi kalenda. Mzunguko wa mtu mzima unahesabiwa wa kawaida ukiwa kati ya siku 21 na 35, na mtu huyo huyo anaweza kwenda 27 mwezi huu na 32 mwezi ujao. Binti aliyevunja ungo mwaka jana bado hana tarehe za kuzijua. Anayekaribia kukoma hedhi, zake zimeshavurugika. Mwenye kijiti au sindano ya uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi kadhaa haoni kitu, halafu akaona matone yuko ndani ya daladala.

Na hata mwenye kuzijua, humkuta. Mimi ilinikuta nikitoka Singida kwenda Dar es Salaam. Pedi nilikuwa nazo, ila zilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa ndani ya buti, chini ya magunia ya watu. Konda akatangaza dakika kumi za kuchimba dawa. Chooni kulikuwa na foleni, na nilipofika mezani nilimnong'oneza mama wa choo. Hakuwa nayo. Kibanda cha pembeni kilikuwa na maji, soksi, chaja na karanga. Yule mama akarudi kwenye roli lake, safari hii akazungusha mara nane au tisa, akanipa furushi zima. "Chukua mwanangu, itakufikisha." Ilinifikisha karibu na Chalinze. Kuanzia hapo nilikuwa na kanga kiunoni na dua.

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi na bado sijakutana na mwanamke aliyekosa cha kwake cha kujibu.

4. Kwa nini chooni? Maduka ya dawa yapo, zahanati zipo.

Duka la dawa linauza pakiti nzima na usiku linafungwa. Zahanati ina foleni ya wagonjwa. Na mahali ambapo mtu anagundua kwamba ameingia mwezini ni chooni, akiwa ameshajifungia. Kumwambia atoke hivyo hivyo avuke barabara akanunue ni kumwambia apite mbele za watu na doa.

## Fedha

5. Itagharimu kiasi gani, na nani alipe?

Tufanye hesabu wazi, kila mtu abadilishe tarakimu kwa choo chake.

Chukua choo cha stendi kinachoingiza wanawake 400 kwa siku. Tuseme 300 wako kwenye umri wa kuona siku zao. Hedhi ikichukua siku 5 kati ya 28, siku yoyote ile kama 54 kati yao watakuwa kwenye siku zao. Wengi wana pedi mkobani. Tukadirie mmoja kati ya watano amekutwa hana: ni kama pedi 11. Pakiti ya pedi 8 ukiinunua shilingi 2,000, pedi moja ni 250. Pedi 11 ni shilingi 2,750 kwa siku.

Choo hicho, kwa kiingilio cha 300, kimekusanya shilingi 120,000 kutoka kwa wanawake peke yao. Gharama ya pedi ni kama asilimia 2.3 ya makusanyo hayo. Hata wote 54 wakichukua, wenye nazo na wasio nazo, inafika shilingi 13,500, kama asilimia 11. Na hapo tumenunua kwa bei ya rejareja. Anayenunua katoni kwa jumla anapata nafuu.

Nani alipe? Vyoo vingi vya stendi na masoko ni mali ya halmashauri, na vingi vinaendeshwa na wazabuni. Kwenye mkataba wa mzabuni kuna masharti ya usafi, dawa, taa na tishu. Liongezwe sharti moja. Mzabuni ataliweka kwenye hesabu yake kama anavyoweka roli za tishu, na hakuna waziri atakayehitajika kusimama bungeni. Vyoo visivyolipiwa, kama vya hospitali na ofisi, ndivyo vinavyohitaji fungu kwenye bajeti ya usafi.

6. Si bora kodi iondolewe, bei ishuke, kila mtu anunue yake?

Tulishajaribu. Katika bajeti ya 2018/19 Tanzania iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye taulo za kike. Watu walishangilia. Mwaka mmoja baadaye Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, akairudisha, hoja ikiwa kwamba dukani bei haikushuka na nafuu iliishia kwa wafanyabiashara. Kina mama waliopigania msamaha ule walikasirika, na walikuwa na haki: mfanyabiashara ndiye aliyegoma kushusha bei, na adhabu ikaenda kwa mnunuzi.

Kuna jambo la kihesabu ambalo halikuelezwa vya kutosha. Bidhaa ikisamehewa VAT kwa namna ya kawaida, kiwanda hakirudishiwi kodi kilichoilipa kwenye malighafi, vifungashio na umeme. Kodi hiyo inabaki imejificha ndani ya bei. Ili bei ishuke sawasawa, bidhaa inatakiwa itozwe VAT ya asilimia sifuri, ndipo kiwanda kinapoweza kudai chake. Afrika Kusini ilichagua njia hiyo Aprili 2019. Kenya iliondoa VAT kwenye sodo mapema sana, mwaka 2004, na Rwanda ikasamehe Desemba 2019.

Kodi ikiondoka tutafurahi. Lakini pedi ya bei nafuu iliyo dukani bado haiko chooni.

7. Mbona kondomu zinagawiwa bure?

Swali hili hupigiwa makofi kwenye kila mkutano, kwa haki. Kondomu za bure zimewekwa kwenye maboksi ya vyoo vya ofisi, baa, gesti na zahanati kwa miaka mingi, na mtu anaweza kuchagua kutumia au kutotumia. Hedhi haichaguliwi.

Mimi hata hivyo silitumii kuwashindanisha. Kondomu zilikuja kwa sababu ya UKIMWI, kwa fedha za kupambana na janga, na zimeokoa maisha. Ninachokiona kwenye lile boksi la ukutani ni ushahidi: kitu kidogo cha bure kinaweza kununuliwa kwa wingi, kikasambazwa mpaka wilayani, boksi likajazwa tena likiisha, na nchi isifilisike.

8. Kenya wanagawa sodo shuleni. Hilo halitoshi?

Sheria ya Kenya ni nzuri ikisomwa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, yaliyosainiwa na Rais Uhuru Kenyatta Juni 2017, yanaitaka serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, na pia impatie njia salama ya kuzitupa. Utekelezaji umekuwa na malalamiko ya sodo kuchelewa au kufika chache.

Lakini hata zingefika zote kwa wakati, mwanafunzi ana likizo, ana Jumamosi, ana safari. Na mama yake anayeuza nyanya soko la Kongowea, Mombasa, hasomi shule. Mpango wa shule unampa binti mahitaji ya mwezi. Pedi ya chooni inamwokoa yeyote kwa saa tano zijazo. Mmoja haufanyi kazi ya mwenzake. Rwanda wameongeza kitu kinachofanana na hoja yetu: shuleni wametenga chumba cha wasichana, icyumba cy'umukobwa, binti akikutwa na hedhi anakwenda hapo kujisitiri.

9. Kuna nchi ambayo imeshaweka pedi kwenye vyoo vya umma?

Uskoti ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Bunge lake lilipitisha sheria Novemba 2020 bila kura hata moja ya kupinga, hoja ikiwa ya mbunge Monica Lennon, na ikaanza kufanya kazi rasmi tarehe 15 Agosti 2022. Halmashauri na vyuo vinawajibika kuhakikisha anayehitaji anapata bure. Ukiisoma kwa makini utaona haikutaja kila choo. Imeiachia halmashauri iwaulize watu wake wanataka zikae wapi: maktaba, kumbi za jamii, shule.

Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima, miji ndiyo iliyotangulia. Brookline, Massachusetts, walipiga kura mwaka 2019 ziwekwe kwenye vyoo vya majengo ya mji. Ann Arbor, Michigan, wakaenda mbele: kuanzia Januari 2022 kila choo kinachotumiwa na umma lazima kiwe nazo, na sheria yao imeitaja pedi kwenye orodha moja na tishu na sabuni. Hiyo ndiyo sheria ninayoipenda, maana haimhurumii mtu. Inapanga vifaa vya choo, basi.

Jimbo la Victoria, Australia, limechagua mashine za ukutani. Kuhusu mashine, tazama swali la 11.

## Uendeshaji

10. Hazitaibiwa?

Siku za mwanzo, ndiyo, zitachukuliwa kwa fujo. Kitu cha bure kikiwa kigeni watu huchukua mkono mzima kwa kuhofia kesho hakitakuwepo. Kikizoeleka kasi inapungua. Yalitokea hayo hayo kwa vitakasa mikono mwaka 2020: wiki ya kwanza chupa ziliondoka na watu, baada ya miezi mitatu hakuna aliyezitazama.

Halafu tujiulize nani anaiba pedi. Mwanamke aliyechukua nne badala ya moja kuna uwezekano mkubwa nyumbani ana binti wawili. Hilo linaharibu hesabu ya mzabuni, sikatai, na ndiyo maana swali linalofuata ni muhimu.

11. Mashine ya ukutani, kikapu ndani, au meza ya mhudumu?

Meza ya mhudumu. Najua wafadhili wanapenda mashine, inapiga picha vizuri siku ya uzinduzi. Lakini mashine inataka fundi, inataka spea, na ikikwama mara mbili inageuka pambo. Majengo mengi bado yana mashine za kukaushia mikono zilizokufa miaka iliyopita, na hakuna anayejua nani alitakiwa kuzitengeneza.

Kikapu cha wazi ndani ya choo cha wanawake ni kizuri ofisini, chuoni na hospitali ndogo, watu wakiwa wanafahamiana. Stendi hakitadumu hadi saa tatu asubuhi.

Mama wa choo tayari yupo. Anakaa pale kuanzia mabasi ya alfajiri, anapokea hela, anakata tishu, anajua nani ameingia mara ya pili. Anaweza kutoa moja, na kwa binti anayetetemeka akatoa mbili. Anaweza kuona kwamba mtu anahitaji hata kabla hajasema. Ujuzi huo hauuzwi kwenye mashine. Wanaomdharau kwa sababu anakaa mlangoni mwa choo wangekaa naye saa moja tu.

12. Na mhudumu akiwa mwanaume? Nitamwambiaje?

Hapa ndipo mpango unapoweza kufa, na nimeona watu wanalipita haraka. Stendi nyingi zamu ya usiku ni kijana wa kiume. Mwanamke wa kwetu, hasa binti, hatamwambia.

Njia tatu zinasaidia. Ya kwanza, pedi ziviringishwe mapema ndani ya tishu, zipangwe kwenye boksi mezani, mtu aokote mwenyewe akipita kama anavyookota tishu. Kwa mtu wa nyuma kwenye foleni hakuna tofauti inayoonekana. Ya pili, kwenye zamu ya mwanaume boksi lihamie ndani, upande wa wanawake, likiwa na chache. Ya tatu, yule kijana afundishwe neno moja la kusema, "zipo hapo dada, chukua," na baada ya hapo aangalie simu yake.

13. Zikishatumika zinatupwa wapi?

Kila chumba cha choo kiwe na ndoo yenye kifuniko. Bila ndoo msigawe pedi, mtajiletea balaa. Pedi za dukani zina plastiki na chembechembe zinazonyonya maji zikavimba. Kwenye choo cha kuvuta zinaziba bomba. Kwenye shimo hazioozi, shimo linajaa kabla ya wakati wake na gari la majitaka linapata shida kunyonya.

Wako watakaotumbukiza shimoni hata ndoo ikiwepo, na sababu yao haisemwi kwenye semina: wanaogopa kurogwa. Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa damu yako isionekane na mtu, atakuchezea. Kumcheka mtu kwa hofu hiyo hakujazi ndoo. Kinachosaidia ni ndoo isiyoonesha kilichomo, inayomwagwa mara nyingi, na watu kujua kwamba taka hizo zinakwenda kuchomwa. Tanuri la kuchomea taka kama lile la kituo cha afya ndilo salama. Pipa la nyuma ya choo linatoa moshi mbaya na halimalizi.

Jambo dogo lililosahaulika: zamani mwanamke aliviringisha pedi ndani ya mfuko wa rambo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na hakuna aliyefikiria zile pedi zitaviringishwa na nini. Gazeti la zamani lililokatwa vipande na kutundikwa kwenye msumari linatosha.

14. Choo chenyewe hakina maji wala komeo. Pedi ya nini?

Kweli kabisa. Mlango usiofungwa unamfanya mtu abadilishe pedi kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia mlango. Bila maji ananawaje? Mwenye fedha kidogo aanze na komeo, halafu ndoo ya maji na kata, halafu ndoo ya taka, halafu pedi. Komeo linauzwa bei isiyofika pakiti chache za pedi, ajabu ni kwamba linasubiriwa mwaka mzima.

15. Pedi za aina gani? Za kufua je, na vikombe?

Chooni ziwe za kutupa, zimefungwa moja moja, zenye nembo ya shirika la viwango, yaani TBS, au KEBS kwa Kenya. Moja moja ni muhimu, maana pedi iliyofunguliwa ikakaa juu ya meza ya choo hakuna anayeiamini. Zibadilishwe kila saa 4 hadi 6, zisipite 8. Basi la Dar es Salaam hadi Mwanza linachukua zaidi ya saa 15, kwa hiyo msafiri wa njia hiyo apewe mbili bila kubembeleza.

Pedi za kufua ni nzuri kwa nyumbani, pale penye maji na jua la kuzianikia. Kikombe cha hedhi kinatakiwa kuchemshwa, hakiwezi kugawiwa mlangoni. Tamponi, zile za kuingiza ukeni, hazijazoeleka kwetu, na ikisahaulika ndani kwa muda mrefu inaweza kuleta sumu ya bakteria mwilini. Ziachwe.

## Aibu na imani

16. Hedhi ni siri ya mwanamke. Kwa nini mnaitangaza?

Bibi zetu hawakuitangaza, lakini pia hawakumwacha binti peke yake. Alikuwepo somo, alikuwepo kungwi, kulikuwa na kitambaa kilichotayarishwa kabla siku haijafika. Siri ilikuwa na watunzaji wake. Leo binti anasafiri peke yake kwenda chuo na somo wake yuko kijijini. Pedi iliyoviringishwa kwenye tishu inaitunza siri hiyo kuliko doa kwenye sketi.

Doa lenyewe tumeona linavyopokelewa hata na wakubwa. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Bunge la Seneti jijini Nairobi na suti nyeupe yenye doa jekundu. Maseneta wakalalamika, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe ndipo arudi. Kama mtu mwenye kiti bungeni anatolewa nje, muuza mchicha atapata nini?

17. Vyoo vya misikiti na makanisa navyo?

Vifikiriwe, kwa sababu kwenye barabara kuu choo cha msikiti ndicho kinachowasitiri wasafiri wengi, Waislamu na wasio Waislamu. Mwanamke mwenye hedhi hasali, lakini choo anakihitaji, tena kuliko wenzake. Na masheikh hawalionei haya jambo hili: vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vina mlango mzima wa hedhi, nifasi (damu ya uzazi) na istihadha (damu isiyo ya hedhi wala ya uzazi). Zungumza na kamati ya kina mama, wao watajua pa kuweka boksi.

## Hali za pembeni

18. Ziwekwe na upande wa wanaume?

Marekani swali hili limekuwa vita vya siasa. Sheria ya jimbo la Minnesota ya 2023 kuhusu pedi za bure kwenye vyoo vya shule ilitumiwa kumshambulia Tim Walz, gavana aliyeisaini, alipogombea umakamu wa rais kwenye uchaguzi wa 2024. Kwetu swali huja kwa njia nyingine: baba anayesafiri na binti yake wa miaka 11, au kaka anayemuuguza dada mwenye ulemavu. Meza ikiwa nje ya milango yote miwili, kama zilivyo nyingi, baba anachukua na kumpa binti.

19. Asiye kwenye hedhi anaweza kuchukua?

Ndiyo, na asihojiwe. Mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita anatokwa damu ya nifasi. Aliyeharibikiwa na mimba anatokwa damu na hataki kusimulia. Wapo wanaovujwa na mkojo baada ya uzazi mgumu au kwa ajili ya umri, na wapo wenye fistula wanaokuja mjini kutibiwa. Fistula hutibiwa bure hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, lakini kufika huko ni safari ya basi, na pedi moja haitoshi. Mpe za kutosha.

20. Binti amevunja ungo hapo hapo chooni. Mhudumu afanye nini?

Ampe pedi, amwoneshe inavyobandikwa kwenye chupi (gundi chini, si juu, wengi hukosea), amwambie haumwi na hajaumia. Amuulize amekuja na nani. Kama ni mama au shangazi, aitwe. Kama ni konda, aambiwe tu kwamba basi lisubiri dakika tano.

21. Vituo vya mafuta, migahawa na kumbi za harusi zilazimishwe?

Sioni haja ya kuanza na sheria huko. Vyoo vya umma vikianza, kituo cha mafuta kisicho nazo kitaonekana kama kisicho na sabuni. Kumbi za harusi zinashangaza zaidi: kamati inachangisha mamilioni, keki inafika kiunoni, na shangazi wa bibi harusi anazunguka meza kwa meza akinong'ona kuomba pedi. Weka pakiti mbili kwenye bajeti ya kamati, mstari mmoja chini ya vinywaji.

22. Naendesha choo stendi. Nianzeje kesho?

Nunua pakiti nne. Usibandike bango wala usiite waandishi. Keti na wahudumu wa zamu zote, wasomee la 12 na la 13. Viringisha pedi kumi kwenye tishu, ziweke kwenye boksi la viatu upande wa kulia wa meza, zingine zifungie kabatini. Kila jioni andika kwenye daftari la makusanyo, safu ya pembeni, zimetoka ngapi. Baada ya mwezi utakuwa na tarakimu za choo chako mwenyewe, uzipeleke halmashauri mkataba ukija kuhuishwa. Na boksi likifika nusu usisubiri liishe: mtume mtu dukani jioni, kwa sababu mabasi ya alfajiri yanaondoka kabla maduka hayajafunguliwa.